Nusu Mfuko wa Simiti

Siku ile kwenye ujenzi wa shule ya nasari kijijini Chepsaita tulikuwa saba. Mwalimu wetu wa uashi, aliyetuleta. Mwenyekiti wa kamati ya Harambee, beji ya chama kifuani. Mama aliyetupikia uji. Vijana watatu wa darasa letu. Na mimi, msichana pekee. Nawahesabu mara nyingi, kwa sababu kati ya hao saba ni wawili tu tuliokuja kuujua ukweli, na mwenzangu ameshazikwa.

Niliacha shule darasa la sita, mama alipomfuata baba kaburini. Mimi ndiye wa kwanza, na nyuma yangu walikuwako wadogo watatu. Tulipanga chumba kimoja mtaa wa Munyaka, pembeni mwa mji, sakafu ya udongo, nami nikawa nafulia watu nguo. Mwalimu alikuja kanisani kwetu kuandikisha vijana wa politekniki. Nikamwambia nataka ushonaji.

"Ushonaji unataka uje na kitambaa chako," alisema. "Uashi unataka mikono tu. Lete nione."

Nikamnyooshea. Ilikuwa imechubuka kwa sabuni.

"Hii imeshaanza kazi," akasema, akaandika jina langu.

Siku za wiki alitufundisha. Jumamosi, badala ya kupumzika, alitupeleka kujenga bila malipo: choo cha shule, jiko la mjane, na mwaka huo nasari. Nauli ilitoka mfukoni mwake. Mwiko wake wa uashi aliufunga kwa gazeti kama mtu aliyebeba nyama.

Mwezi huo baba mdogo alikuwa amefika kutoka nyumbani, magharibi, akamkuta kitinda mimba wetu anatembea kwa visigino. Vidole vilikuwa vimejaa funza. Alikaa kitandani, akaitazama ile sakafu.

"Narudi mwisho wa mwezi," aliniambia. "Nikikuta funza tena, nawagawa. Mmoja kwangu, mmoja kwa shangazi yako. Huyu mdogo tutaona nani atamtaka."

Nilimwaga maji ya majivu. Nilitoa funza kwa pini mpaka mtoto akawa analia akiona mkono wangu. Udongo uliwarudisha. Dawa ya sakafu ile ilikuwa moja, na kila Jumamosi nilikuwa naishika kwa koleo.

Kwa hiyo Jumamosi moja, zamu ya kuchanganya ilipokuwa yangu, badala ya karai moja ya simiti kwa sita za mchanga niliweka moja kwa kumi na mbili. Nusu mfuko niliutia katika gunia la nguo za kazi. Tulirudi mjini juu ya lori la mahindi, nami nimeukalia.

"Mama Fundi leo amekaa kama chifu," kijana mmoja alinitania, wote wakacheka. Nilicheka pia.

Jumamosi iliyofuata ndiyo siku tuliyokuwa saba. Kabla ya kuanza kazi Mwalimu alikuwa na desturi ya kupitisha msumari kwenye maungio ya matofali. Aliupitisha, na yale maungio yakamwagika chini kama unga wa mahindi. Akarudia mahali pengine. Yakamwagika.

"Ukuta huu una njaa," alisema polepole.

Mwenyekiti alikwenda kuhesabu mifuko mitupu. "Mifuko yote imeisha. Sasa simiti imeenda wapi?"

"Labda imeenda disko," kijana mmoja alinong'ona. Hakuna aliyecheka.

"Mwalimu, hii ni mali ya wananchi. Nani alichanganya?"

Mwalimu alijua ni zamu ya nani. Hakugeuka kututazama.

"Kipimo cha kuchanganya nilitoa mimi."

"Basi umeila wewe."

"Aki Mwalimu, sema ukweli!" mama wa uji alilia.

"Mama, nimeshasema." Akafuta msumari kwenye suruali. "Nipeni wiki moja niubomoe niujenge upya. Simiti nitanunua."

Mwenyekiti alikataa. Mgeni wa heshima alikuwa anakuja kufungua jengo Jumanne. "Pakeni plasta. Na wewe Mwalimu, usikanyage mradi wa Harambee tena."

Tulipaka plasta. Mimi nilipaka upande wangu, na maneno yalikuwa pale pale kwenye ulimi. Nilimfikiria mtoto akitembea kwa visigino. Nikachota plasta nyingine.

Mjini walimbandika jina: Mwalimu Simiti. Kanisani alipoinuka kusoma tangazo, watu waligusana viwiko.

Siku chache baadaye alikuja kwetu Munyaka na chupa ya maziwa, kama alivyozoea kuwatembelea wanafunzi wake. Alisimama mlangoni. Sakafu mpya ya simiti ilikuwa imekauka, kijivu, laini. Akaingia hatua moja, akaigonga kwa kisigino cha kiatu. Ko. Ko.

"Moja kwa tatu," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Umeisugua vizuri. Mwiko haujaacha alama."

Akachuchumaa, akamwambia yule kitinda mimba, "Leta mguu nione." Akavipekua vidole kimoja kimoja, kama anayetafuta ufa. Akauweka mguu chini taratibu. "Haya," akasema, akaniachia maziwa, akaenda. Hakulitaja tena, hata siku aliyoniletea cheti changu cha jaribio la ufundi.

Baba mdogo alirudi, akalala juu ya ile sakafu, akaondoka peke yake. Tulikua pamoja, wote wanne.

Miaka mingi baadaye, Mwalimu alipokufa, tulikwenda kumzika kwao, karibu na ziwa. Wanafunzi wake tulijaa boma. Nilipewa nafasi ya kusema, nikasema alivyoitazama mikono yangu, watu wakalia. Baadaye mjane wake aliniita pembeni, nyuma ya jiko.

"Wewe ulikuwa Chepsaita. Alichukua?"

"Mwalimu hakuwa mtu wa kuchukua, Mama."

"Hilo najua, mwanangu. Nimelala naye miaka yote hiyo. Nakuuliza nani alichukua."

Watu waliobeba viti walipita katikati yetu. Nikajifanya nimeitwa.

Nasari bado iko. Kila mvua ya mawe inapopiga bati langu nausikia ule ukuta. Mwezi uliopita nilifika hadi pale, msumari mfukoni. Watoto walikuwa wameuegemea ule ukuta wakinywa uji. Mwalimu wao, msichana mdogo, akauliza, "Mama, unatafuta nani?" Nikamwambia nimepotea njia.

Yule mjane yuko hai. Kitinda mimba wetu, ambaye miguu yake haina kovu, amenipa mara mbili nauli ya kwenda kumwona, bila kuuliza naendea nini. Mara zote mbili nimeshukia njiani. Swali la mjane sijalijibu.