Waya wa Phonie Si wa Kuanikia Nguo

Enzi zetu, katika komini ya Kisangani, mtoto alifundishwa kunyamaza kabla ya kufundishwa kusema. Papa, baba yetu, alikuwa na phonie, ile redio ya kuzungumza na watu wa mtoni, nayo ilikaa sebuleni imefunikwa kitambaa cha maua. Sisi tulikula lituma, ndizi za kupondwa, uani, vidole vikinata, masikio yetu yakiwa sebuleni.

Katika kazi hiyo papa hakuwa na mchezo. Waya wa antena aliuvuta kati ya nguzo mbili ndefu, mbali na paa la mabati, maana mabati hula sauti. Ngurumo ya kwanza ikisikika, hata ng'ambo ya mto, mbio! Chomoa waya kwenye mashine, utupe nje. Safarini kwa mtumbwi betri ilifungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Tukitua, alifunga jiwe kwenye kamba, akalirusha juu ya tawi, akauvuta waya juu. Jiwe likikosa tawi tulicheka, naye akatutazama mpaka kicheko kikatukauka mdomoni.

Lakini amri kuu ilikuwa moja. Dada yangu mkubwa, Mado, aliolewa Barumbu, kijiji cha mtoni, na kila Jumamosi asubuhi alitusalimia kwa phonie ya kituo cha afya cha huko. Siku moja, kwa furaha, nilidaka kipaza sauti nikamwita kabla hajamaliza. Papa alinivuta sikio.

"Mutoto, sikia kwanza! Mutu akifinya bouton ya kusema, masikio yake inafungwa."

Kumbe Mado alikuwa anaeleza homa yake. Ilimbidi arudie yote, na betri inachoka.

Leo je? Mwezi huu nimeukuta waya wa marehemu papa umeanikwa suruali! Mpwa wangu Trésor, mtoto wa kaka yangu, ninayeishi naye, ana simu mbili, lakini kamba ya nguo hana. Ati antena ni mambo ya mababu. Nilichemka. Miezi miwili sikuwa nimesikia sauti ya Mado, na mtandao wa Barumbu huja ukipenda. Suruali nilizitupa mchangani, azifue tena mwenyewe. Nikasugua vichwa vya betri, nikainua waya, nikawasha phonie ya papa, nikasikiliza kwanza, ndipo nikaita.

Mhudumu wa kituo cha afya akajibu.

"Maman, pole sana. Matanga ya Mado ilikwisha ile wiki ya nyuma. Tulituma vocal kwa Trésor."

Nilimwita Trésor. Akafungua simu, na vocal, ule ujumbe wa sauti, ilikuwapo, dakika nne, haijaguswa.

"Mais tantine, iko murefu. Nilisema nitasikiliza après."

Après! Baadaye! Enzi zetu, habari ya kifo cha mtu tusiyemjua kabisa, papa aliiandika kwenye karatasi na mmoja wetu akakimbia nayo miguu peku mpaka Kapalata, asithubutu kusimama njiani hata kunywa maji. Leo kifo cha dada yangu kimekaa siku kumi na moja mfukoni mwa Trésor, kati ya nyimbo na vichekesho, na siku zote hizo nilikuwa nikimpakulia chakula katika nyumba hii hii, nikimuuliza, "Hakuna habari ya Barumbu?"