Agar Aenda Kuaga Ofisi ya Kodi

Mjini Butembo wanawake wenye moulin ya kusaga unga ni wa kuhesabika, na Agar Kahongya alikuwa mmoja wao. Mashine yake ilisaga muhogo na mahindi nyuma ya soko, na ikinguruma, mwenye neno ilibidi apaze sauti au angoje. Kwa hiyo wengi walimdhania mwanamke mkimya. Waliomjua walijua vingine: Agar alikuwa mtu wa kuuliza. Akinunua sabuni, atauliza imetoka wapi. Mahubiri yakiisha, atamvizia pasta mlangoni.

Watu walikuwa wameshaacha kumwuliza ataolewa lini. Ndipo mkanda wa mashine ulipokatika, akaambiwa kuna mwanaume wa Kasese, upande wa Uganda, anayeleta mikanda inayodumu. Huyo alikuwa Éliakim, aliyefiwa na mke miaka mingi nyuma. Walielewana kwa lugha ya nyumbani, maana mpaka ulipochorwa ulipita katikati ya ndugu. Agar alimwuliza mkanda ule umetengenezwa kwa kitu gani. Éliakim akasema hajui. Safari iliyofuata, kabla hata ya kushusha mzigo, akampa jibu. Agar aliwaambia rafiki zake baadaye kwamba moyo wake ulikwenda siku hiyo.

Mbuzi wa mahari wakapokelewa, siku ya kanisa ikapangwa. Ndugu zake wakahangaika na vitenge. Agar yeye akavaa viatu vya Jumapili akaenda ofisi ya kodi.

Alikuwa na sababu. Shangazi yake Mariette aliolewa Kampala zamani, akafunga kibanda chake cha chumvi akaondoka bila kumwambia mtu wa serikali. Aliporudi kumzika mama yake alikuta kodi imeendelea kumngojea miaka yote hiyo, kana kwamba kibanda kilikuwa wazi kila asubuhi.

Ofisini alipokelewa na karani kijana, jina lake Ariel.

"Mama, unakuya kulipa?"

"Hapana. Nilishalipa. Niko nakuya kuwaambia naenda kuolewa Uganda."

Ariel aliweka kalamu chini. "Félicitations, hongera mama. Lakini sisi tunafanya nini?"

"Ndiyo ile nataka kujua. Kama mutu anaenda, kodi yake inabakia wapi?"

Ariel akafikiri. Alisema batu bakiendaka, banaendaka tu. Hakuna aliyewahi kuja kuaga. Swali lenyewe lilimpendeza. Akainuka, akamfuata mkubwa wake chumba cha ndani, akakaa huko kitambo. Aliporudi alieleza polepole. Ukifunga kazi, unaandika kwamba umeifunga, na hapo kodi yake inasimama. Ukiiacha kwa mwingine, patente, ile karatasi ya kuruhusiwa kufanya biashara, inatengenezwa upya kwa jina la huyo mwingine. Lakini kuondoka kimya siyo kufunga.

"Sasa mama," akauliza, "moulin unaifunga ao unaiacha?"

Agar akamwambia atarudi kumjibu. Alikuwa amejiandaa kuuliza, siyo kuulizwa.

Akiba yake ilikuwa kwenye banki moja huko Beni, tangu wakati alipokuwa akinunua mahindi ya Oicha. Wiki iliyofuata akapanda gari. Kwenye dirisha, aliposema anaolewa nje, karani akamtaka alete barua ya ruhusa ya mume.

"Mume bado," Agar akasema. "Na ile sheria iko inasema nini?"

Karani hakukasirika. Alisema ndivyo alivyowakuta wenzake wakifanya, akamwita mkuu wa dirisha, mama mmoja mwembamba aitwaye Virginie. Virginie alimkalisha pembeni akamweleza kwamba ruhusa ya mume ilikuwa sheria ya zamani, imeshabadilishwa. Compte, yaani akaunti, ni yake, aolewe asiolewe. Ila kuna jambo jingine: compte isiyoguswa kwa muda mrefu hulala usingizi, na kuiamsha ni kazi. Anaweza kuifunga, au anaweza kumpa mtu wake procuration, ruhusa ya kuingiza na kutoa kwa niaba yake.

"Nifunge ao nisifunge?"

"Mama Agar, banki haiwezi kujua hiyo. Wewe uko unawaza kurudia huku?"

Swali lilikuwa lile lile, limevaa nguo nyingine. Agar alitoka akanunua ndizi ya kuchoma, akasimama kando ya barabara akiila bila kuisikia utamu. Kisha akampigia Éliakim.

"Papa Éliakim, wewe ukikufa kwanza, mimi nitaishi wapi?"

Mwanaume mwingine angesema anatabiriwa mabaya kabla ya harusi. Éliakim alisema, "Sijui, Agar. Mke wangu wa kwanza hakuniulizaka. Unipe siku mbili."

Siku ya pili alipiga. Alikuwa amekaa na kaka zake. Nyumba ya Kasese wataiandika kwa majina yote mawili, lake na la Agar. Kaka mkubwa alinuna kwanza, akakubali. "Lakini moulin usifunge," Éliakim akaongeza. "Mutu akiwa na mulango nyumbani kwao, kwa bwana anakaa kwa kupenda, hapana kwa kukosa pa kwenda. Mi nataka ukae kwa kupenda."

Agar akasema, "Wasingya," kama wasemavyo kwao kushukuru, na kwa mara ya kwanza hakuwa na swali la kuongeza.

Moulin ikaenda kwa mdogo wake Bénie, na patente kwa jina la Bénie, Ariel mwenyewe akisimamia. Procuration ya Beni pia ikawa ya Bénie. Wifi mmoja wa Kasese alisema bibi harusi gani anakuja mguu mmoja umebaki kwao. Éliakim akamjibu kwamba miguu yote miwili inakuja, kilichobaki ni mashine.

Walioana mwezi wa sita, na mvua ikawanyeshea njiani kuelekea mpakani. Kasese, Agar alitaka kufungua compte mpya, akaambiwa alete barua ya mahali anapoishi na namba ya kodi ya Uganda. Akauliza namba hiyo inatolewa wapi, na kama mtu anaweza kuwa na namba za nchi mbili. Afisa wa banki alikuna kichwa, akavuta kiti.

"Mama, kaa kwanza," akasema. "Tuangalie pamoja."