Taa za Lori la Baba

Juzi pale Mbinga nilimwona dereva akikagua taa za lori, mwanawe akimwitikia kutoka nyuma. Nikamkumbuka baba.

Tulikuwa tumemzika mama, na baba akanileta Liuli nikae kwa shangazi. Alasiri ile wingu lilikuwa zito, na upepo wa ziwani ulinuka dagaa wa usipa walioanikwa. Baba alipanda kwenye lori, akaniita.

“Mwanangu, simama nyuma uniambie. Breki?”

“Zinawaka!”

“Indiketa ya kushoto?”

“Haiwaki, baba!”

Nikapiga makofi. Nilidhani gari lenye taa mbovu haliwezi kuondoka, kwa hiyo baba angebaki. Akashuka, akabadilisha globu, na taa ikawaka.

Akarudi kwenye usukani, akawasha taa ya ndani. “Na hii?”

Nikapanda ngazi ya mlango, nikachungulia. Uso wake ulikuwa umelowa. Nikadhani ni jasho.

“Inawaka, baba.”

“Haya. Msikilize shangazi yako.”

Leo najua halikuwa jasho. Siku ile nililitazama lori likipanda kilima mpaka vumbi likatua, na shangazi aliponiita kula, sikuitika.