Kulungu Aliyeshukuriwa Mapema Mno

Zihindula alipiga kelele. Hilo analikubali mwenyewe mpaka leo, na akijaribu kulipamba, mdogo wake Jules yupo kumkumbusha. Mshale ulipomwingia kulungu, badala ya kunyamaza kama walivyofundishwa kwenye kozi ya wawindaji, alisimama juu ya kile kiti chake kilichofungwa mtini, akainua mikono yote miwili na kuita, "Asante Yesu! Asante Baba!" kwa sauti ile ile anayoitumia kanisani kwao Buffalo siku ya Pasaka. Kulungu alikuwa amekwenda hatua hamsini hivi, akasimama pembezoni mwa shamba la soya, miguu imeanza kumlegea. Aliposikia shukrani zile akapata nguvu mpya. Aliruka kijito, akapotea.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Septemba 2015, siku ya kwanza ya msimu wa mishale Ohio, kabla ya saa mbili asubuhi, na joto lilikuwa limekwisha kuanza kupanda. Zihindula alishuka mtini. Kilichomtia hofu hakikuwa nyama.

Kwenye kambi ya wakimbizi kule Burundi yeye, Jules na rafiki yao Theogene walikaa safu moja ya nyumba za udongo miaka saba. Safari za Amerika zilipotoka, zilitoka ovyo: Zihindula na familia yake Buffalo, Jules na mkewe Louisville, Theogene na mkewe Umutesi Columbus, kwenye fleti za karibu na Morse Road. Watu waliozoea kuombana chumvi wakajikuta kila mmoja na mji wake, na kazi isiyojua sikukuu. Ila ukitazama ramani, Columbus iko katikati. Wakakubaliana kwamba mara moja kwa mwaka, liwe liwalo, watakutana hapo.

Shamba ndilo lililoufanya mkutano huo udumu. Bwana Ferris, mkulima wa soya kutoka kanisa lililompokea Theogene, alikuwa na ardhi mwendo wa saa moja nje ya mji, na kulungu walikuwa wanammaliza. Aliwafundisha upinde, ule wa kisasa wenye vigurudumu, akawaruhusu kuwinda kila mwaka siku msimu unapofunguliwa, kwa sharti moja tu. Mnyama mkimjeruhi, aliwaambia, mtampata. Siku mtakayomwacha mmoja aoze porini, hiyo ndiyo siku yenu ya mwisho hapa. Na hakuwa anatishia nyau. Mpwa wake mwenyewe alikwisha kumfukuza kwa kosa hilo. Kwa hiyo Zihindula alipokuwa akikitazama kichaka kilichommeza kulungu wake, alikuwa anauona mkutano wao wote ukiingia humo.

Theogene hakumgombeza. Alitoa simu mfukoni akampigia mkewe.

Sasa, huyu Umutesi, ambaye wote humwita Mama Ruta kwa jina la mwanawe wa kwanza, hawindi. Hajawahi kuvuta upinde, na nyama ya porini hali. Yeye ni Mnyamulenge, watu wa ng'ombe wa milima ya Kivu Kusini, na nyumbani kwao nyama ya porini haikuingia chunguni. Zihindula, ambaye ni Mshi, kabila jingine la Kivu hiyo hiyo, na hana taabu hiyo, alimtania kila mwaka: "Mama Ruta, onja tu mchuzi, hakuna atakayekusema." Naye alicheka, akaendelea na maharage yake. Lakini kila kulungu aliyepigwa miaka ile asianguke mbele ya macho, ni mwanamke huyo asiyemla aliyempata. Watano kwa watano.

Alijifunza akiwa na miaka kumi na mmoja, huko juu karibu na Minembwe, alipokuwa akichunga ng'ombe wa baba yake. Ng'ombe akipotea alifuatwa, hata kama ni siku mbili, na Umutesi aliweza kuangalia alama ya kwato akakuambia mnyama ana njaa, ana hofu, au amekwenda kujificha azae. Ujuzi huo ungeweza kufia uwanja wa ndege. Haukufa. Columbus alipata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na wazee waliopotewa na akili hutoka vyumbani wakaondoka. Wenzake huanza kukimbia korido hadi korido. Umutesi husimama kwanza. Hujiuliza mtu huyu anataka nini saa hii. Bibi mmoja aliyetafutwa mpaka maegesho ya magari, Umutesi alimkuta chumba cha kufulia, ameketi kati ya mashuka ya moto yanayonukia sabuni, ametulia kabisa. Msimamizi wake alimuuliza amejuaje. Alijibu kwamba bibi alikuwa anasikia baridi tangu asubuhi.

Alifika shambani saa tatu na nusu, moja kwa moja kutoka shifti, bado na sare yake ya buluu na viatu vya kazi, mkononi ana karatasi ya chooni, bunda zima. Aliwasalimu mmoja mmoja, akauliza habari za wake na watoto, kana kwamba hakuna kilichoharibika. Kisha akanyoosha mkono.

"Mushale iko wapi?"

Zihindula alimpa; ulikuwa umempenya mnyama na kuanguka ng'ambo yake. Aliunusa, akaupangusa kwa kipande cha karatasi, akakiinua kwenye jua. Damu ilikuwa nzito, nyekundu ya kuelekea weusi.

"Hii iko damu ya maini," alisema. "Haina harufu ya tumbo. Atakufa, lakini si mbio."

"Donc twende!" Jules alikwisha kunyanyuka.

"Mutakaa. Mpaka saa sita."

"Na hii joto, Mama Ruta? Nyama itaoza!"

"Itaoza kama munamukimbiza mpaka kwa barabara. Mugonjwa, ukimufata, anaenda. Ukimuacha, analala." Alimgeukia Zihindula, uso mkavu. "Na weye, shemeji. Niliambiwa ulishukuru."

"Nilishukuru, Mama Ruta."

"Mungu haiko kiziwi."

Alirudi garini, akalaza kiti, akalala usingizi wa mtu aliyefanya kazi saa kumi na mbili. Wanaume watatu walibaki kivulini wakiangalia simu zao kila dakika tano. Joto lilipanda, nzi wakaanza kuja. Zihindula hajawahi kuona asubuhi ndefu kama ile, na amewahi kupanga foleni za kambini. Mara mbili alikwenda kumwamsha, mara mbili akarudi bila kugusa kioo, maana alimheshimu, na alimwogopa kidogo pia.

Saa sita kamili aliamka mwenyewe, akanawa uso kwa maji ya chupa, akaanza.

Alitangulia peke yake, wao nyuma na kando, wamekatazwa kukanyaga mbele yake na kuongea. Kila tone alilipata kwanza kwa macho, kisha akaweka kipande cha karatasi juu yake, ili wakipotea wageuke nyuma waone mstari wa safari. Damu ilipokatika hakuhangaika. Alipiga magoti na sare yake ile, akageuza majani kuona upande wa chini, akanyanyuka na tone jingine mahali ambapo Zihindula angeapa hapana kitu. Hakuwa na haraka hata kidogo. Zihindula alimtazama mgongo akasahau kwa muda kwamba kosa lilikuwa lake, kwa jinsi ilivyokuwa raha kuona kazi ikifanywa hivyo.

Walivuka kijito. Ng'ambo palikuwa na uzio wa waya, na juu ya waya, kwenye kijiti, damu. Kando yake ubao wa maandishi makubwa ukikataza mtu yeyote kuingia. Ilikuwa ardhi ya jirani, mzee Dunlap, aliyekuwa hajasemeshana na Bwana Ferris kwa miaka, na sheria haikuruhusu kuvuka bila idhini yake.

"Bon," Theogene alisema taratibu. "Imeisha."

Zihindula alijiona kwa macho ya mzee huyo: wanaume watatu weusi, nguo za madoa ya majani, pinde mikononi, wanagonga mlango. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa. "Tuache, Mama Ruta," alisema. "Nitamwambia Bwana Ferris miye mwenyewe. Kosa ni yangu. Anifukuze miye, nyinyi mubakie."

Umutesi alisogea kwenye uzio. Alikuwa anaitazama ile damu kwenye waya.

"Baba alikuwa na ng'ombe, jina yake Bihogo," alisema. "Siku tulikimbia, risasi ilimuingia kwa paja. Hakuweza kupanda mulima. Tulimuacha. Alituita, akatuita, mpaka mulima ikafunga sauti. Niko namusikia mpaka leo, shemeji. Miye niliacha mumoja. Sitaacha wa pili."

Miaka saba safu moja, na Zihindula hakuwahi kusikia jina la ng'ombe huyo. Alikumbuka utani wake wote wa mchuzi, akatamani ardhi impasukie.

"Wekeni pinde chini," Umutesi alisema. "Naenda."

Walizunguka kwa barabara wawili tu, Theogene na Jules wakabaki kwenye uzio. Zihindula alimsindikiza hadi kwenye geti lililofungwa mnyororo, akavua kofia, akasimama mahali anapoonekana vizuri, mikono wazi. Umutesi alipita kando ya geti akaenda mlangoni kwa mwendo ule ule wa kazini. Mzee aliyefungua alikuwa mrefu, ana fimbo, na uso haukukaribisha mtu.

Kiingereza cha Umutesi ni cha kazini, kifupi na safi, na Zihindula alisikia kila neno. Alisema kuna kulungu ameingia kwa mzee, ana jeraha la mshale kwenye ini. Alisema yeye hana silaha, hana haja ya kuwinda, anataka tu kummalizia safari. Kama mzee anaona vyema, aje naye, aone kila anapokanyaga.

"Nani alimpiga?" mzee aliuliza.

"Kaka yangu. Yule pale. Alipiga vibaya kidogo, halafu akapiga kelele."

Mzee Dunlap alimtazama Zihindula getini kwa muda mrefu. Zihindula aliinamisha kichwa. Kisha mzee aliangalia magoti ya ile sare ya buluu, yaliyojaa matope na damu, akachukua kofia yake.

Walikwenda watatu, mzee akichechemea nyuma. Damu iliwafikisha hadi kwenye uwanja wa majani mafupi, ikakatika kabisa. Mzee alinyoosha fimbo kwenye mahindi, akasema wote hukimbilia kule. Umutesi alisimama. Zihindula alijua sasa anafanya nini: anajiuliza mgonjwa huyu anataka nini. Jua lilikuwa utosini. Aliyapa mahindi mgongo, akateremka bondeni ambako palikuwa na bwawa dogo lenye matete.

Kulungu alikuwa amelala humo, kichwa karibu na maji, ubavu mzima ndani ya tope baridi chini ya kivuli. Amekufa, lakini si zamani, na nyama ilikuwa nzima. Umutesi alichuchumaa, akamwekea mkono shingoni, akasema neno moja la kwao, "Humura," analoambiwa mtoto au ng'ombe ili asiogope tena. Zihindula alilia, wala hakujificha. Mzee Dunlap alivua kofia. Alisema amewinda miaka hamsini, na yeye angetafuta kwenye mahindi mpaka giza.

Kisha akamwomba Umutesi namba yake ya simu.

Jioni ile Bwana Ferris aliuliza swali moja tu, kama wamempata. Zihindula akajibu wamempata, na mwaka ukawa umeokoka. Jumapili baada ya ibada familia tatu zilijaa kwenye fleti ya Theogene, watoto wakigombana kwa Kiingereza, sufuria mbili jikoni. Mwaka huo Zihindula hakutaja mchuzi. Alichukua sahani, akaenda kwenye sufuria ndogo, akampakulia Mama Ruta maharage kwa mkono wake mwenyewe, akampelekea kabla mtu mwingine hajala. Mkewe alimtazama kama anayemuona kwa mara ya kwanza.

Wiki tatu baadaye Zihindula alikuwa kwenye mapumziko kiwandani Buffalo, mkate mkononi, simu ikalia. Theogene alikuwa anacheka hata hawezi kusema vizuri.

"Yule muzee wa mnyororo alipiga simu asubuhi. Alipiga dume kubwa, akamupoteza. Anamutaka Mama Ruta."

"Na yeye akasema nini?"

"Akamuuliza damu iko rangi gani. Akamuambia asifate, akae chini, akunywe kahawa, anakuja. Halafu akamuambia, hata ukimuona, usipige kelele. Hata ya kushukuru."

Zihindula alicheka mpaka wenzake wa meza ile wakageuka. Aliuliza kama walimpata, ingawa hilo halikuwa swali.

"Nusu saa," Theogene alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imetulia. "Muzee akamuuliza anataka nini, achague kitu yoyote. Unajua alisema nini? Alisema, Jumamosi ya mwisho ya Septemba, kila mwaka, usifunge geti."