Makasha Ishirini ya Fundi

Fundi alikuwa seremala mpaka kiuno kilipomsaliti. Kazi yake ya mwisho ilikuwa makasha ishirini ya mbao, yametobolewa matundu na kuzamishwa nusu majini, ya kufugia kaa: kaa mmoja, kasha moja. Tajiri, mwanamke wa umri wa kuwa binti yake, aliyatazama akasema, "Baba, umeyaunda, basi yachunge." Mgane hakatai kazi yenye chumba. Akahamia kando ya bwawa na kitanda, redio na sahani mbili, ya pili haijaguswa tangu mkewe afariki.

Kila mchana alibeba chakula chake, akaketi kwenye ubao katikati ya makasha, akafungua vifuniko vyote. Akawagawia kaa makombo ya wali na kuwasimulia habari za redioni. Hakuna aliyemkatiza, hisani ambayo marehemu hakuwahi kumfanyia.

Tatizo, kaa hawakui. Kaa hukua kwa kujivua gamba, lakini hawa miezi miwili walivaa yale yale, kama sare ya shule ya mtoto wa mwisho. Tajiri alipima, akakunja uso. "Baba, nakupa mwezi mmoja. Wakibaki hivi nawamwaga kwenye bwawa la shemeji yako, na chumba nakifanya stoo."

Fundi hakuwa na chumba kingine duniani.

Akawaza kiutu uzima: alaye peke yake hashibi. Akamchukua kaa wa kasha la saba, mnyonge kuliko wote, akamtia kasha la nane apate mwenzake. Siku ya tatu akafungua. Wa saba alikuwa amejivua gamba hatimaye. Ushahidi ni gamba tupu na mguu mmoja. Wa nane alikuwa pembeni, ametulia kama mgeni aliyeongezewa mchuzi.

Akamwita shemeji yake, mdogo wa marehemu, mwenye bwawa la tope na mizizi ya mikoko ng'ambo ya tuta. Kaa wa kule walikuwa na magando kama koleo.

"Shemeji, umewaoza bila kuulizia ukoo?"

"Nilimwona mpweke."

"Akijivua gamba anakuwa laini kama ini. Mwenzake haoni ndugu, anaona kitoweo." Akachungulia makasha mengine. "Na humu wajifiche wapi? Mbao tupu. Wewe ungevua nguo sebuleni?"

"Inategemea wageni."

Shemeji akacheka, kisha akaukwangua wali uliochacha chini ya kasha. "Na hii nini? Watie tope, watie vigae. Wape konokono na matumbo ya samaki, jioni, halafu ondoka. Mchana usiwafungulie."

"Hata kuwajulia hali?"

"Hasa kuwajulia hali."

Fundi akachota tope ndoo kwa ndoo, kiuno kikimtukana. Akapanga vigae vya vyungu, kila kaa na kipembe chake. Jioni akaponda konokono, akawatupia, akafunga. Mchana akala chumbani, ameuelekea ukuta. Redio ilisoma habari nzuri mno, na hakuna wa kumsimulia. Siku ya tano alifika mpaka kasha la nane, mkono ukagusa kifuniko. Akaukumbuka ule mguu mmoja. Akarudi.

Mwezi ulipokwisha tajiri akaja na mizani. Vifuniko vikafunguka: magamba kumi na matatu matupu yamelala topeni, na wenyewe chini ya vigae, wamepanuka. Wa nane hakuenea tena kiganjani.

"Baba, umewafanya nini?"

"Nimewaacha."

Tajiri akaagiza makasha mengine arobaini, na kuhusu stoo hakusema neno.

Mchana ule Fundi alipika chakula kingi kuliko kawaida. Akaishusha sahani ya pili, akaipangusa vumbi, akasimama mlangoni.

"Shemeji," akaita kuvuka tuta, "umekula?"

"Zamani, Shemeji. Niko njiani kurudi kwa wanangu."

"Haya, wasalimie."

Vifuniko vya kaa wote kumi na tisa vilikuwa vimefungwa. Akaingia ndani, akairudisha sahani kwenye rafu, akaketi kuuelekea ukuta.