Namba Ishirini za Sheikh Fathallah

Mjini Tanta, Misri, fundi wa kompyuta Wagdi alisifika kwa jambo moja: kusafisha rejista. Rejista ni daftari la ndani la kompyuta. Kila programu inayoingia huandikwa humo, na ikiondoka huacha maandishi yake, yakarundikana mpaka mashine ikawa inajikokota. Wenzake walitumia programu za bure za kusafishia. Wagdi alisafisha kwa mkono, mstari kwa mstari, na akikuta jina la programu iliyokwisha kufa husema, "Huyu marehemu, azikwe," akafuta.

Mzee aliyemfundisha kazi alimwachia kanuni moja tu: usifute kabla ya kutoa nakala. Miaka ya mwanzo Wagdi aliitii, kisha akaota mapembe. "Nakala ni za wanagenzi," alikuwa akitamba. Haya, mdharau mwiba mguu huota tende.

Hajjat Rawhiya alimletea kompyuta ya mumewe mwezi mmoja na siku kadhaa baada ya mazishi. Sheikh Fathallah alikuwa msomaji wa Kurani, kipofu tangu utotoni. Vibonye vitatu vya kibodi vilikuwa na punje za mchele zilizobandikwa kwa gundi. Kwa hizo alijua pa kubonyeza ajirekodi mwenyewe.

"Inachukua nusu saa kuwaka, mwanangu," Hajjat alisema. "Na arobaini yake ni Alhamisi. Sitaki msomaji wa kukodi. Nataka asome mwenyewe."

"Niachie mimi, Hajjat. Utasahau kwamba ni kuukuu."

Na kweli mashine ikawa nyepesi. Lakini Wagdi alipofungua rekodi moja aijaribu, programu ikamdai namba ya leseni. Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa imefungwa miaka mingi. Ndiyo maana alipoliona jina lake kwenye rejista alilifuta pamoja na marehemu wengine, asikumbuke kwamba leseni nayo imeandikwa papo hapo. Na rekodi zote za sheikh zilifunguka kwa programu hiyo tu. Akatafuta nakala. Nakala gani, naye hakutoa? Siku mbili alihangaika nayo bila kufanikiwa.

Jumatano asubuhi akaibeba mashine mpaka nyumbani kwa Hajjat, akaiwasha mezani, akasema yote bila kujitetea. Chai aliyowekewa ikapoa.

"Yaani umemnyamazisha?" Hajjat alisema. "Mungu kamchukua mwili, wewe ukaja kumalizia sauti?"

"Ni kosa langu, Hajjat."

"Lako kweli! Nilimzika mara moja, sasa unanizikisha mara ya pili!" Alilia kwa sauti, kilio ambacho hata siku ya mazishi hakukilia. Wagdi alitamani ardhi ipasuke. Baadaye mama wa watu akajifuta uso kwa mtandio, akauliza, "Imekosa nini hasa?"

"Namba. Tarakimu ishirini za kuifungulia. Labda marehemu aliziandika mahali?"

"Aandike? Kipofu?" Akageukia kochi. "Si ndizo zile alizokuwa akiwasomea mafundi? Kila fundi aliyekuja akaivuruga hii mashine, sheikh alikaa hapo kwenye kochi akamsomea, nami niko jikoni."

Wagdi akaikaribia meza, kalamu mkononi. Hajjat hakujua kusoma wala kuandika. Alifumba macho, akaanza, nne nne, kwa mvuto ule ule wa marehemu, akipumua pale alipokuwa akipumua yeye. "Saba, mbili, mbili, tisa..." Kwenye fungu la nne akakwama. Akarudi mwanzo, kama mwanafunzi wa chuoni aliyepotewa na aya, akaja nazo tena, na safari hii zikapita zote.

Wagdi alitoa nakala ya rejista kwanza. Ndipo akaingiza namba, akafungua rekodi.

Kikasikika kikohozi, kiti kikavutwa, kisha sauti ya Sheikh Fathallah, karibu kabisa, kabla hajaanza kusoma: "Rawhiya, nifungie mlango, kelele za barabarani zinaingia."

Hajjat Rawhiya aliinuka, akaenda kufunga mlango.