Safu ya Kofia Katika Daftari la Majeruhi

Wanaowajibika kwa yaliyompata Wangari, fundi wa nguo wa Gatongora, na kwa yanayoweza kumpata ndugu yake wakati wowote, ni watatu. Wa kwanza ni dereva wa lori la mawe aliyeingia barabarani bila kusimama. Wa pili ni mwendeshaji wa pikipiki aliyekubali kumbeba abiria kichwa wazi. Hao wawili wana faili kwa polisi, nami sina la kuongeza. Wa tatu ni mimi, msimamizi mstaafu wa kumbukumbu za hospitali. Kwa kuwa jina langu halimo katika faili yoyote, nimeona niliandike mwenyewe.

Niliripoti kazini siku ya Jumatatu, katika hospitali moja ya umma mjini Thika, nikiwa na barua ya uteuzi ndani ya bahasha ya kaki na tai niliyoazima kwa mjomba. Karani Mkuu hakuitazama tai. Alinikabidhi daftari la majeruhi, kitabu kikubwa chenye jalada gumu, ambamo kila anayefikishwa katika chumba cha majeruhi, tulichokiita sote kazualti, hupewa mstari mmoja: namba, jina, umri, anakotoka, aliyemleta, kilichompata, na vitu alivyoletwa navyo.

"Kijana, wewe si daktari, wala si polisi," aliniambia. "Andika kilichofika hapa dirishani, ukione kwa macho yako. Siku utakayoanza kukisia, toka uende ukaandike hadithi."

Maneno hayo niliyafuata kwa miaka yote ya utumishi wangu. Sikuwahi kufuta mstari kwa wino mweupe wa kupaka. Palipo na kosa, nilipiga mstari mmoja juu yake ili kosa lenyewe lisomeke, nikaandika lililo sawa kando na kutia sahihi yangu. Nasema haya ili vijana wanaoingia kazi hii wajue kwamba kosa ninalolieleza halikutokana na uzembe. Lilifanywa kwa uangalifu mkubwa.

Wakati huo safu ya kofia haikuwapo. Pikipiki zilikuwa chache, za mapadri na maafisa wa kilimo. Zilipoanza kubeba abiria, na majeruhi wakaongezeka, lililetwa daftari jipya la majeruhi lenye safu mbili za ziada. Moja ilitaka kujua kama mgonjwa alikuwa mwendeshaji au abiria. Nyingine iliandikwa "Kofia", na chini yake "Ndiyo" na "La". Hakuna aliyekuja kutueleza namna ya kuijaza. Mara nyingi mgonjwa hakuweza kusema, na waliomleta walikuwa wameshaondoka. Niliona njia moja tu iliyolingana na agizo la Karani Mkuu: kofia ikifika pamoja na mgonjwa, andika ndiyo, isipofika, andika la.

Baadaye nilihamishiwa kituo cha afya huko Ruiru, ambako nilikuwa karani peke yangu kwenye dirisha moja. Aliyekisimamia kituo alikuwa Afisa wa Kliniki, mama mkali aliyekuwa akishona vidonda huku akizungumza. Asubuhi moja alitoka nje na glavu zake, akaichukua kofia niliyokuwa nimeiweka mezani pamoja na viatu vya mgonjwa, akaigeuzageuza.

"Bwana Gitau, kitu hiki hakina hata mkwaruzo. Na kichwa cha huyu mtu nimekishona nusu saa. Alikuwa ameivaa wapi, kwa goti?"

"Imeletwa naye, Daktari."

"Na mimi nikibeba viatu vyangu kwa mkono, utaandika nimevaa viatu?"

Wauguzi walicheka. Nilijiona nimeaibishwa mbele ya walio wadogo kwangu kwa umri, nikamjibu kwamba sikuwapo barabarani, na kazi yangu ni kuandika kilichofika dirishani. Aliirudisha kofia mahali pake.

"Sawa. Daftari ni lako," akasema, akarudi kwa mgonjwa wake.

Yule mama alikuwa ameniambia kila nilichohitaji kujua. Badala ya kumsikiliza, niliporudishwa Thika kuwa Msimamizi wa Kumbukumbu, niliandika waraka. Aya yake ya pili iliagiza kwamba kofia iliyoletwa na mgonjwa ihesabiwe kuwa ndiyo, bila makarani kujiingiza katika makisio. Niliupiga muhuri, nikauweka ndani ya plastiki na kuubandika ukutani juu ya meza. Madaftari yetu yalipelekwa kwenye mikutano ya usalama barabarani, na katika mkutano mmoja nilimsikia mwenyekiti akisema kwamba, kwa mujibu wa kumbukumbu za hospitali, kofia hazijaonekana kusaidia sana. Badala ya kushtuka, nilifurahi kwamba daftari langu lilikuwa linasomwa. Nilistaafu kwa saa ya ukutani na hotuba iliyonisifu kwa kumbukumbu zisizo na doa.

Sasa naja kwenye asubuhi ya Alhamisi ile. Baada ya kustaafu nilihamia Ruiru, na siku hiyo nilikuwa nimeketi kwa fundi viatu karibu na kituo cha pikipiki cha Gatongora, mguu mmoja ukiwa ndani ya ndara, nikisubiri kiatu changu kishonwe soli. Wangari alifika na mfuko wa sare za shule alizokuwa amezishona. Sikuwa nikimfahamu, ila fundi viatu alimwamkia kwa jina. Mwendeshaji, ambaye mwenyewe alikuwa amevaa kofia yake na kuifunga, alimpa ya pili.

"Madam, vaa helmeti."

"Hiyo? Hiyo inanuka kama Ruiru yote imeivaa."

"Si ni ya polisi tu. Tukiwapita unatoa."

"Basi polisi ndio waivae. Jana nimekaa kwa kiti ya msusi kutoka asubuhi mpaka jioni, halafu wewe uniharibie na kitu kama sufuria?" Akanigeukia, akiniita babu kwa Kikuyu. "Ama namna gani, Guka?"

Mimi, niliyeijaza safu ile kwa miaka mingi, nilimwambia, "Nywele zimependeza, mama," nikacheka. Fundi viatu naye akacheka. Mwendeshaji aliitundika kofia ya pili kwenye kioo cha kushoto, wakaondoka.

Hawakwenda mbali, na kutoka pale nilipoketi niliona yote. Lori lililojaa mawe ya ujenzi lilitoka barabara ya vumbi, likaingia kwenye lami bila kusimama. Pikipiki ilifunga breki, gurudumu la nyuma likateleza, ikalala. Mwendeshaji aliburutwa nayo, kofia yake ikisugua lami kwa sauti ambayo bado naisikia. Kisha aliinuka mwenyewe, upande mmoja wa kofia ukiwa umekwaruzika mpaka rangi imeisha, akaanza kuuliza simu yake iko wapi. Wangari alirushwa kwenye ukingo wa saruji wa mtaro. Wote wawili walikuwa katika mwendo mmoja na waliangukia barabara moja. Mmoja alikuwa akitafuta simu, na mwingine alikuwa amelala kimya. Sitaeleza zaidi, kwa heshima ya mama yake.

Nilifika pale nikiwa na kiatu kimoja. Watu walikuwa wamesimamisha gari dogo la mizigo, na muuguzi mmoja aliyekuwa akipita njia aliwaagiza namna ya kumwinua bila kuisogeza shingo. Sikuwa na la kufanya, nikafanya nililolizoea. Nilikusanya vitu vya mgonjwa: mkoba, simu, kiatu kimoja, mfuko wa sare. Kofia ilikuwa imeruka kutoka kwenye kioo na kubingirika mpaka mtaroni. Niliiokota, nikaifuta tope kwa leso yangu, nikaiweka miguuni pake pamoja na vile vingine, kisha gari likaondoka kuelekea Thika. Katika kazi yetu, vitu vya mgonjwa havitenganishwi na mgonjwa. Nilirudi kwa fundi viatu nikijiona nimesaidia.

Kesho yake nilikwenda hospitalini kumjulia hali. Dirishani alikuwapo Njeri, karani niliyemfundisha mwenyewe, akanikaribisha kwa furaha. Aliniambia Wangari yuko wodini na hajafumbua macho. Daftari lilikuwa wazi mbele yake. Mazoea ya macho hayastaafu. Niliusoma mstari ule kichwa chini miguu juu. Abiria. Kofia: Ndiyo.

"Njeri, huyu hakuwa amevaa kofia. Nilikuwapo."

"Lakini ililetwa na yeye, Mzee. Iko stoo, nimeifunga karatasi ya jina." Akaelekeza kalamu ukutani, kwenye waraka wangu ndani ya plastiki yake. "Si ni wewe ulitufunza? Hapa hatukisii."

Hakuwa akinikejeli. Alikuwa ananionyesha kwamba hajanisahau. Nyuma yangu palikuwa na foleni, nikajiambia nisizuie kazi, nitarudi siku nyingine. Wangari alifariki siku ya tatu.

Alizikwa nyumbani kwa wazazi wake, Kalimoni. Nilikwenda, nikaketi safu ya nyuma. Baada ya mazishi, ndugu yake Mwangi alifika kwa pikipiki akitoka kurudisha viti vya kukodi, kichwa wazi. Yeye pia hubeba abiria. Nilimwuliza kofia yake iko wapi. Alinipeleka nyuma ya jiko, wenzake wawili wakitufuata. Juu ya kuni palikuwa na kofia nyeusi iliyogeuzwa juu chini, ikiwa imetandikwa majani makavu. Ndani yake alikuwa amelala kuku mwekundu.

"Guka, soma hii," alisema, akatoa mfukoni karatasi ya hospitali waliyopewa pamoja na mwili. "Abiria wa pikipiki. Kofia, ndiyo. Dada yangu alikuwa nayo kwa kichwa na bado kichwa ikapasuka. Sasa mimi nivae ya nini? Heri huyu, ananipea mayai."

"Hata sisi tuliacha," mwenzake mmoja akasema. "Ile kitu ni ya kufurahisha trafiki."

Niliwaeleza yote pale pale: nywele, kioo cha kushoto, mtaro, leso yangu. Niliwaeleza jinsi mwendeshaji aliyekuwa naye alivyoinuka akitafuta simu. Mwangi alisikiliza akimtazama kuku.

"Guka, wewe ulikuwa kwa ile gari ilimpeleka Thika?"

"Hapana."

"Ulikuwa hospitali wakiandika?"

"Hapana."

"Basi ni maneno yako na karatasi ya serikali. Mimi nikuamini aje, na hii iko na muhuri? Niletee ingine. Ikisema alikuwa kichwa wazi, huyu kuku anahama siku hiyo hiyo."

"Mwangi, mwache mzee ale," mama yake alisema kutoka mlangoni. Alikuwa ameyasikia yote. Aliniletea chakula mwenyewe, na hakuniuliza kwa nini nilicheka.

Sikuweza kumkasirikia Mwangi. Maisha yangu yote ya kazi niliwafundisha watu kwamba kisicho na muhuri hakikutokea.

Jumatatu nilikwenda kwa Msimamizi wa Kumbukumbu wa sasa. Alinipokea vizuri, akaagiza chai.

"Mzee, jalada la marehemu limefungwa," alisema. "Tukianza kubadilisha kwa sababu mtu amekuja kusema, tutabadilisha mangapi?"

"Mengi. Ndiyo sababu nimekuja."

Alitabasamu, akaniomba niache barua. Niliiacha, nikapigiwa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Majuma yamepita, sijajibiwa. Mimi mwenyewe nimejibu barua za raia kwa namna hiyo hiyo, na sasa najua inavyokuwa kuzisubiri.

Mnaosoma haya, hasa ninyi mnaopanda pikipiki kila asubuhi, mnisikie. Kofia iliyo kwenye kioo, kwenye kiwiko au juu ya tangi ni mzigo tu. Ivaeni kichwani, mkanda ukiwa umefungwa chini ya kidevu, hata kama mnakwenda mtaa wa pili. Anayechukia harufu yake afunge kitambaa kwanza, au anunue yake. Nywele husukwa upya. Nanyi makarani, agizo la kuandika mnachokiona ni zuri, lakini mna midomo pia. Ulizeni.

Sijui ni mistari mingapi iliyojazwa kwa waraka wangu, na sitakisia. Ninaoujua kwa hakika ni mmoja. Kwa hiyo nadai, hadharani na kwa jina langu la kazi, kwamba waraka huo uondolewe ukutani, na makarani waagizwe kuuliza kama kofia ilikuwa kichwani, na pasipo wa kujibu waandike kwamba haijulikani. Nadai Njeri asilaumiwe, kwa kuwa alitii. Nadai kila mkutano uliosomewa madaftari yangu ujulishwe kwa maandishi kwamba safu ile haiaminiki, na kwamba aliyeiharibu ni mimi. Niko tayari kuitwa kuhojiwa siku yoyote ya kazi. Na katika mstari wa Wangari, neno "Ndiyo" lipigwe mstari mmoja ili liendelee kusomeka, kando yake paandikwe "La", patiwe sahihi na muhuri, na nakala ipelekwe Kalimoni, kwa Mwangi, ambaye leo asubuhi amenipita barabarani akiwa na abiria wawili, wote watatu vichwa wazi.